Ufifishaji, Si Unyeveshaji

Istilahi "unyeveshaji", inayopendekezwa na baadhi ya watunzi kwa dhana ya mitambo ambayo Waingereza huiita damping, yaani kupungua kwa mtetemo kwa sababu nishati yake inapotea, inapaswa kukomeshwa kabla haijaota mizizi vitabuni. Anayeitumia amefungua kamusi, akaona damp ni unyevu, akaridhika. Lakini hata katika Kiingereza chenyewe unyevu ni mgeni. Shina hilo ni ndugu wa Dampf la Kijerumani, yaani mvuke. Waingereza walilitumia kwanza kwa hewa chafu, na gesi inayolipuka katika migodi ya makaa ya mawe ingali ikiitwa firedamp. Kutoka kwenye hewa inayokaba pumzi kikapatikana kitenzi cha kukaba na kuvunja nguvu. Maana ya unyevu ilifuata baadaye. Wajerumani husema Dämpfung, Wafaransa amortissement, neno lenye mauti ndani yake. Hakuna aliyelowesha kitu. Kwa nini sisi tuloweshe springi?

Neno linalostahili ni ufifishaji. Rangi hufifia, mwanga hufifia, sauti hufifia: kila mara ni nguvu iliyokuwapo ikipotea hatua kwa hatua. Kengele iliyogongwa hufifia sauti kwa sababu mtetemo wa chuma chake unafifia, kwa hiyo Kiswahili kilishalitaja jambo hili kabla ya kamati yoyote kukaa. Tena shina linazaa: fifisha, ufifishaji, na kififishi kwa kifaa chenyewe. Linazibeba pia aina zote tatu kuu. Katika ufifishaji wa mnato, kama wa mafuta ndani ya shokapu, ukinzani hulingana na kasi, na kila mtetemo huwa sehemu ileile ya uliotangulia. Katika ufifishaji wa msuguano mkavu, kila mzunguko hupunguza upeo wa mtetemo kwa kiasi kilekile. Katika ufifishaji wa ndani ya mata, chuma au mpira unaopindwa na kuachiwa hugeuza nishati kuwa joto, na nishati inayopotea kila mzunguko hufuata kipeo cha pili cha upeo wa mtetemo.

Wapo wanaotetea "upunguzaji wa mitetemo", na kwa sikio ni neno zuri. Kasoro yake ni kwamba mtetemo hupunguzwa kwa njia nyingi zisizopoteza nishati hata kidogo, kwa mfano kuongeza uzito au kukaza nguzo. Daraja la Millennium la London lilifunguliwa Juni 2000, likayumba chini ya miguu ya watu, likafungwa baada ya siku mbili. Wahandisi walikuwa na njia mbili: kulikaza, jambo ambalo lingeharibu umbo lake jembamba, au kulifungia vififishi. Wakachagua vififishi, na daraja likafunguliwa tena 2002. Anayeziita njia zote mbili upunguzaji amefuta uamuzi mzima wa kihandisi. "Uzimaji" nao unadai ukomo wa ghafla, ilhali kihesabu mtetemo unaofifishwa kwa mnato haufiki sifuri kamwe. Kweli, msuguano mkavu hatimaye hukisimamisha chombo. Lakini kufifia hakukatazi kwisha, na kuzima hakuelezi safari ya kufikia mwisho huo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfumo uliofifishwa kupita kiasi hautetemi, basi kinafifia nini? Kinachofifia ni umbali wa chombo kutoka mahali pake pa utulivu. Katika ufifishaji hafifu umbali huo hupungua huku chombo kikienda na kurudi; katika ufifishaji wa kizingiti chombo hurudi upesi kadiri inavyowezekana bila kuyumba; katika ufifishaji uliozidi hurudi polepole, pia bila kuyumba. Kitenzi kimoja kimetosha hali zote tatu, sifa ambayo hakuna mshindani wake aliyeionyesha. Gerejini mafundi wataendelea kusema shokapu, na hawana kosa, kwa kuwa hilo ni jina la kifaa. Dhana ndiyo inayodai neno la darasani. Wahariri wa vitabu vya fizikia na uhandisi, futeni unyeveshaji katika miswada yenu, andikeni ufifishaji.