Rumba ya Cuba Ilivyopanda Kitonga

Nusu ya pili ya miaka ya 1980, mtu aliyefungulia Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) wakati wa muziki wa dansi hakukaa muda mrefu kabla ya kukutana na sauti mbili za kiume zilizofanana kama zimetoka koo moja. Zilikuwa za ndugu pacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliotoka Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Mmoja akianza mstari, mwenzake alimpokea bila msikilizaji kujua ni wapi hasa walipobadilishana. Nyuma yao gita la solo la Kawelee Mutimwana lilikuwa likifuma, taratibu kwanza, kisha kwa kasi inayomtoa mtu kitini. Bendi ilikuwa Tancut Almasi Orchestra, maarufu kama wana Fimbo Lugoda, wana Kinyekinye. Makao yake hayakuwa Dar es Salaam wala Tanga wala Morogoro, miji iliyozoeleka kwa dansi. Ilikuwa bendi ya Iringa.

Mwajiri wake alikuwa kiwanda. Tancut, shirika la umma, lilichonga pale Iringa almasi ya Tanzania, nchi ambayo mgodi wake mkubwa uko mbali, Mwadui, Shinyanga. Mchana watu waliinamia magurudumu ya chuma yaliyopakwa mafuta na unga wa almasi, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachoweza kuing'arisha almasi ila almasi yenyewe. Usiku jina la kiwanda hichohicho lilitajwa ukumbini, juu ya tumba na tarumbeta. Nyimbo kama "Butinini" na "Nimemkaribisha Nyoka" zikaifikisha Iringa kwa watu ambao hawajawahi kuikanyaga.

Wapenzi wengi wa dansi walimaliza suala la bendi hiyo kwa neno moja: Wazaire. Sauti za mbele zilikuwa za Kongo, gita la solo lilikuwa la Kongo, basi muziki ni wa Kongo. Hukumu hiyo inawapunja wanamuziki wote, Wakongo na Watanzania. Ukifuatilia muziki huo ulikotoka, unakuta umevuka bahari mara mbili, ukapita katika migodi, makanisa, ngoma za askari na studio za redio kabla ya kupanda Mlima Kitonga hadi Iringa.

Safari inaanzia kwenye santuri. Mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika santuri zilizokuwa na herufi GV na namba. Ya kwanza kabisa, GV 1, ilikuwa "El Manisero", wimbo wa mchuuzi wa karanga uliotungwa na Moisés Simons na kurekodiwa New York mwaka 1930 na okestra ya Don Azpiazú, Antonio Machín akiimba. Zikafuata za Sexteto Habanero, Trio Matamoros na wengine wengi. Kihispania hakikueleweka na wanunuzi wa Tanga, Mombasa au Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mapigo yalieleweka mara moja. Vijiti viwili vya mbao viligongwa mara tatu, kisha mbili, na kila chombo kingine kikapanga njia yake kufuata mapigo hayo matano. Chini yake kulikuwa na ngoma za mikono na manyanga. Watu waliotekwa Afrika na kuuzwa Cuba ndio waliobeba mapigo hayo, na sasa yalikuwa yakirudi katika bara lao ndani ya boksi la santuri, wajukuu wa waliobaki wakiyasikia kama kitu cha nyumbani.

Kwa upande wa Tanganyika, aliyeyapenda kuliko wote alikuwa jirani wa Nyanda za Juu Kusini, Salum Abdallah wa Morogoro. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani ili afike Cuba, akaishia Mombasa. Mwaka 1948 alianzisha bendi, akaiita La Paloma, baadaye ikawa Cuban Marimba Band. Alijifunza kutoka kwenye santuri, kwa masikio, kama walivyojifunza wenzake wote wa rika lake, kisha akaimba kwa Kiswahili juu ya mapenzi, siasa na maisha ya mji mdogo. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaichukua bendi. Morogoro hiyohiyo ikamlea Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya ni lazima lipite Morogoro, na muziki ulipita njia hiyohiyo.

Lakini Nyanda za Juu hazikuwa zimekaa kimya zikingoja. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alirekodi Wahehe wa Iringa wakipiga ligombo, ala ya nyuzi inayokaa juu ya kibuyu. Mpiga ligombo huimba na kusimulia akijijibu kwa nyuzi zake, sauti na chombo vikipokezana maneno. Miaka miwili baadaye, Tracey huyohuyo alikuwa Katanga, na huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, akamrekodi kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga" kwa gita moja lililosikika kama mawili. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Hilo ni jambo kubwa kwa habari hii: mwanamuziki wa kusini mwa Kongo alipovuka mpaka kuja Tanzania hakuanza na lugha ya kuazima. Alikuja na Kiswahili chake, chenye lafudhi yake, na wasikilizaji walimwelewa tangu usiku wa kwanza.

Tarumbeta nazo zilikuwa na shule zake. Moja ilikuwa jeshi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ngoma ya beni ilisambaa Tanganyika nzima, watu wakicheza kwa gwaride, vyeo na sare, wakishindana kwa makundi ya Marini na Arinoti. Kandokando ya Ziwa Nyasa, kwa upande wa Tanzania na wa Malawi, ikageuka kuwa mganda na malipenga. Shaba ya jeshi haikupatikana, hivyo vijana walitengeneza tarumbeta zao kwa vibuyu na kupanga sauti nene na nyembamba kama bendi kamili. Shule ya pili ilikuwa kanisa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule ambao Walutheri wa Misheni ya Berlin waliingia eneo hilo, na mapokeo yote mawili yalipenda vikundi vya tarumbeta vinavyopiga tenzi kwa sauti nne. Hadi leo, Mbeya, Njombe na Iringa, tarumbeta husikika Pasaka alfajiri. Kijana aliyelelewa na muziki wa namna hiyo, akiambiwa ukumbini apulize sauti ya pili chini ya mwenzake, tayari ana sikio la kazi hiyo.

Mbeya ilikuwa na njia yake ya pekee: migodi. Mji wenyewe ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920 na ukapanda kwa dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliyovuta wachimbaji na vibarua kutoka pande zote katika miaka ya 1930. Vijana wa Rungwe walikwenda mbali zaidi, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na kwenye dhahabu ya Afrika Kusini, ambako walipelekwa na wakala wa ajira waliyemwita Wenela, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Santuri, gramafoni na magita vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyorudi nao. Kambi ya migodi iliwakutanisha watu wa Nyasa, wa Bemba, wa Katanga na wa Tukuyu mahali pamoja, kila mmoja na nyimbo zake, na Jumamosi jioni hakuna aliyeuliza wimbo umetoka kabila gani.

Kisha redio ikaja. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na kadiri mitambo ilivyoongezewa nguvu ndivyo Nyanda za Juu zilivyoingia katika usikivu. Kutoka Kongo nako yalikuja mawimbi ya Léopoldville na Brazzaville, yakiwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoundwa mwaka 1953, na OK Jazz ya Franco na wenzake, ya mwaka 1956. Bendi hizo zilikuwa zimeisoma Cuba kutoka kwenye santuri zilezile za GV. Walichofanya ni kuhamishia kwenye magita kazi ambayo Wacuba waliipa piano na gita la tres. Gita la ridhimu likashika mwendo, gita la kati likasuka katikati, la solo likaimba juu, na gita zito la besi likajibu tumba. Mwaka 1960, Kabasele na wenzake walipokuwa Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, wimbo waliosherehekea nao uhuru huo ulikuwa pia wa mtindo wa Kicuba, "Indépendance Cha Cha".

Kutoka huko wakaanza kuja wanamuziki wenyewe. Ndala Kasheba alifika na Orchestra Fauvette mwishoni mwa miaka ya 1960. Maquis du Zaire ikafuata katika muongo uliofuata. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Barabara ya Tanzam na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikaifanya Mbeya kuwa mlango. Katanga, ukanda wa shaba wa Zambia, Tunduma, Mbeya, Makambako: ni njia moja.

Kilichoweza kumfanya mwanamuziki akae Iringa badala ya kupitiliza hadi Dar es Salaam kilikuwa mshahara. Hapa historia ya dansi la Tanzania inatofautiana kabisa na ya Kinshasa. Kinshasa, kiongozi wa bendi alimiliki vyombo, na aliyemkosea alitafuta pa kwenda. Tanzania, tangu NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam lilikuwa na Mlimani Park. Mwanamuziki aliandikwa kama mfanyakazi. Katika miaka ambayo gita la umeme, kipaza sauti au hata nyuzi zilikuwa shida kubwa kupatikana, taasisi yenye uwezo wa kununua vyombo ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuwa na bendi. Tancut ilikuwa na uwezo huo.

Ndiyo maana jukwaa moja la Iringa liliweza kubeba watu wa asili tofauti namna ile. Pacha wa Kyanga na Kawelee walileta shule ya Kongo. John Kitime, mpiga gita mwenyeji wa Iringa, alikuwa miongoni mwa Watanzania wa kundi hilo. Jina lake linahusishwa pia na Vijana Jazz. Alikuwepo pia mwimbaji Kalala Mbwebwe, na wapuliza ala ambao bila wao rumba ya Kicuba haikamiliki. Sikiliza "Butinini" kwa makini. Mwanzo wake ni mwendo wa pole, waimbaji wakisimulia na magita yakiwapisha. Baada ya hapo wimbo unafunguka, solo inashika hatamu, na mwendo mzima unaingia katika kuchemka kwa aina ya Kongo ya miaka ya 1980. Tumba haiondoki hata mara moja, na ukiipigia makofi utayakuta mapigo yaleyale ya santuri ya GV, ingawa hakuna tena anayegonga vijiti. Mashairi yenyewe yanakwenda kwa Kiswahili kilichonyooka na chenye kisa, jinsi msikilizaji wa RTD alivyozoea: mtu, kosa, malalamiko, fundisho. Kinshasa isingeimba hivyo.

Studio ya RTD ilikuwa sehemu ya malezi hayo. Bendi ilipanda gari, ikashuka Kitonga, ikapita Mikumi na Morogoro, ikaingia Dar es Salaam na kurekodi nyimbo zake kwa mafundi mitambo wa redio, wote kwa pamoja, chumba kimoja, hakuna kurudia mstari mmoja mmoja. Aliyekosea tarumbeta aliwarudisha wenzake wote mwanzo wa wimbo. Nidhamu ya namna hiyo inasikika mpaka leo katika kanda zile: hakuna chombo kinachomkanyaga mwenzake.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kuuzwa au kufungwa, na bendi zilizoishi kwa mishahara yao zikapoteza mwajiri na vyombo kwa wakati mmoja. Tancut Almasi ilikufa katika wimbi hilo. Dar es Salaam ikawachukua wanamuziki, kama ilivyowachukua wa Tabora, Tanga na Morogoro kabla yao. Kitime akawa na Kilimanjaro Band, Wana Njenje, kundi lililoanzia Tanga kama The Lovebugs na kisha The Revolutions, na kwa miaka mingi amekuwa akiandika habari za bendi za zamani na watu wake, kazi ambayo vyuo vyetu viliiacha ipite. Kanda za Tancut ziko kwenye maktaba ya redio ya taifa, na vipindi vya zilipendwa bado huzipiga. Mtangazaji hutaja jina la bendi na jina la wimbo. Ingefaa ataje pia majina ya waliopiga, mmoja mmoja, na mji ambao kila mmoja alishikia gita au tarumbeta yake ya kwanza.