Nyumba Chini ya Nyasi
Shoreditch Park, London

Hapa unapokanyaga palikuwa na mitaa. Nyumba zake za safu, zilizojengwa karne ya 19, zilipigwa mabomu na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Baadaye zikasimamishwa nyumba za muda, kisha pakafanywa bustani.

Mwaka 2005 na 2006 Makumbusho ya London iliwaalika wakazi wa jirani kuchimba kwa kujitolea. Wataalamu walisimamia, na wenyeji, wakiwemo watoto wa shule, walikwangua udongo kwa mwiko, tabaka baada ya tabaka, hadi misingi ya matofali ikajitokeza pamoja na masalia ya vyombo vya nyumbani.

Lakini matofali hayasemi kila kitu. Wazee waliokulia mitaa hii walifika penye mashimo na kusimulia maisha ya humo, na masimulizi yao yalikuwa sehemu ya utafiti sawa na vigae.