Faili la .docx, Word ya zamani na kura ya Kenya

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Laiser Hill, mama mmoja ambaye ni katibu wa chama cha akina mama, aliniita kwake.

"Kijana wangu, njoo uangalie hii mashine. Naona imeingia virusi."

Alikuwa ametumiwa kwa barua pepe katiba ya chama iliyorekebishwa. Jumamosi wanachama walitakiwa kuitia sahihi, na ndani yake kulikuwa na kifungu kipya kuhusu anayekufa au kuhama kabla hajamaliza mkopo. Si jambo la mchezo. Basi akaifungua kwa Word 2003, kwenye kompyuta ya mtumba waliyonunua Nairobi miaka mingi iliyopita. Kwenye skrini akaona vijisanduku, alama za kuuliza na herufi za ajabu, na mwanzoni kabisa herufi mbili: PK.

"Mama, hakuna virusi. Kompyuta yako haijui lugha ambayo hilo faili limeandikwa."

"Si ni Kiswahili? Mimi mwenyewe nilisaidia kuiandika!"

Tulicheka. Kisha nikauliza swali ninaloliogopa: "Umehifadhi?" Akanijibu amehifadhi mara mbili, kwa jina lile lile. Hapo katiba ilikuwa imekwisha kuharibika, kwa sababu Word ilikuwa imeandika yale matakataka juu ya faili zuri. Bahati nzuri nakala ya kwanza ilikuwa bado kwenye barua pepe.

Mama huyu alijilaumu kwamba hajui kompyuta. Mimi nasema kosa si lake. Kosa hilo lina historia, na Kenya yetu ina sehemu ndani yake.

Tuanze na .doc. Kuanzia Word 97 hadi Word 2003, Microsoft walitumia muundo mmoja wa faili. Ulikuwa muundo wa namba tupu, uliopangwa kwa namna ambayo programu ya Word iliuelewa kwa wepesi na wengine wote wakabaki kubahatisha. Maelezo yake kamili hayakuwekwa wazi kwa umma hadi Februari 2008. Lakini kwa mtumiaji wa kawaida mambo yalikuwa shwari. Ukiandika barua Kajiado, inafunguka Mombasa, inafunguka London. Kwa karibu miaka 10 watu walizoea kwamba hati ni .doc na .doc ni hati.

Wengine hawakuridhika. Kwa nini barua ya serikali au rekodi ya hospitali itegemee kampuni moja? Mwaka 2005 shirika la OASIS lilipitisha muundo wazi uitwao ODF, uliotumiwa na OpenOffice.org, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Huku kwetu Afrika Mashariki vuguvugu hilo lilikuwa limeshafika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili.

Microsoft nao wakajibu kwa muundo wao mpya. Office 2007 iliingia madukani tarehe 30 Januari 2007, na ukihifadhi hati unapata .docx. Kiufundi, nakiri, ni kazi nzuri kuliko ile ya zamani. Faili la .docx kwa kweli ni kifurushi cha ZIP. Chukua nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, kisha ulifungue. Utakuta folda, picha zako zimekaa peke yake, na faili liitwalo document.xml lenye maneno yako. Na zile herufi PK? Ni za Phil Katz, Mmarekani aliyetengeneza muundo wa ZIP mwaka 1989. Kila faili la ZIP huanza na herufi za jina lake. Kwa hiyo siku ile jirani yangu alikuwa anaangalia kifurushi kilichofungwa, akidhani ni barua.

Sasa hapa ndipo Kenya inapoingia. Microsoft walitaka muundo wao nao uwe kiwango cha ISO. Desemba 2006 shirika la Ecma liliupitisha, kisha ukapelekwa ISO kwa njia ya mkato. Maelezo yake yalikuwa na kurasa zaidi ya 6,000. Hebu fikiria, nani anazisoma zote ndani ya miezi michache?

Kila nchi ilipiga kura kupitia shirika lake la viwango. Letu ni KEBS, wale wa South C, Nairobi, ambao nembo yao unaiona kwenye unga na mafuta ya kupikia. Katika kura ya kwanza, iliyofungwa Septemba 2007, Kenya ilisema ndiyo. Hata hivyo hoja ilianguka. Katika kundi la nchi 32 zenye sauti kubwa zaidi, zilizokubali zilikuwa 17 tu, na ilihitajika thuluthi mbili. Mwishoni mwa Februari 2008 wajumbe walikutana Geneva kwa siku 5 kupitia marekebisho zaidi ya 1,000. Nchi zikapewa nafasi ya kubadilisha kura. Matokeo: 24 kati ya 32 wakakubali, hoja ikapita. Na Kenya? Safari hii ilitoka kwenye ndiyo ikaamua kutoegemea upande wowote. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela walikata rufaa, rufaa zikatupwa Agosti 2008, na kiwango kikachapishwa Novemba mwaka huo kwa jina la ISO/IEC 29500.

Tazama jambo hili. Watu walibishana Geneva, lakini .docx ilikuwa imeshasambaa tangu mwaka uliotangulia. Mwenye Office 2007 ofisini Nairobi hakuuliza kama kiwango kimepita. Alibonyeza kuhifadhi, akatuma. Aliyepokea ndiye aliyebeba mzigo.

Na mzigo ulikuwa mzito. Microsoft walitoa kiraka cha bure cha kuiwezesha Office 2000, XP na 2003 kusoma .docx. Lakini kiraka hicho kilikuwa cha megabaiti makumi kadhaa, na Kenya wakati huo ilitegemea setilaiti kwa intaneti. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo, katika saiba ulilipia kwa dakika. Nani angelipia dakika zote hizo kupakua kiraka ili asome ukurasa mmoja? Rahisi zaidi kumwambia aliyetuma, "Tuma tena." Na kama aliyetuma ni kijana anayeomba kazi, mwajiri hakumwambia chochote. Aliona vijisanduku, akaenda kwa barua inayofuata.

OpenOffice.org 3.0 ya Oktoba 2008 ilisoma .docx bila kiraka chochote. Lakini ni wangapi waliambiwa?

Tangu hapo milango imeendelea kufungwa. Msaada wa Office 2003 ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, siku moja na Windows XP. Kile kiraka nacho kiliondolewa na Microsoft mwaka 2018.

Basi nilimsaidiaje jirani? Kompyuta yake ni ya Windows XP. Nilirudi nyumbani nikapakua LibreOffice 5.4, toleo la mwisho linalokubali XP, nikaipeleka kwa flashi. Katiba ikafunguka, pamoja na kile kifungu cha mkopo. Alikisoma kwa sauti, akanyamaza, akasema, "Hapa wamebadilisha. Hatukukubaliana hivi." Jumamosi hawakutia sahihi. Walirudi kwanza kuzungumza.

Ukiona vijisanduku na PK, usihifadhi. Funga, rudi kwenye nakala ya kwanza. Kama huna programu mpya, mwombe aliyetuma akutumie .doc au PDF. Na wewe unayetuma, hasa ukituma jambo ambalo mwenzako atalitia sahihi, uliza kwanza anafungulia nini. Swali hilo halina gharama, na hakuna kiwango cha ISO kitakachouliza kwa niaba yako.

Kwaherini kwa leo.