Shahada ya Sanaa katika Bonde la Ufa la Kati

Hadi katikati ya miaka ya 1980, kijana wa Bahati, karibu na mji wa Nakuru nchini Kenya, aliyetaka shahada ya fasihi, historia au falsafa hakuwa na budi kulihama Bonde la Ufa la Kati. Kwa muda mrefu njia ilielekea Makerere, nchini Uganda, ambako kuanzia 1949 wanafunzi waliandaliwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Baadaye ilielekea Nairobi, ambako chuo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kati ya 1963 na 1970, kisha kikasimama peke yake.

Nakuru ilikuwa na chuo kikubwa, lakini cha kilimo. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton, mlowezi kutoka Uingereza, alitoa ekari 740 za ardhi huko Njoro ili vijana wa Kizungu wafunzwe ukulima. Shule hiyo ilipandishwa hadhi mwaka 1950 ikawa chuo cha kutoa stashahada, na mwaka 1958 Egerton akaongeza ekari 1,100. Muda mfupi baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika.

Baada ya uhuru shule za upili ziliongezeka kuliko nafasi za chuo kikuu. Serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984 na Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 1985. Chuo cha Njoro kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na mwaka uliofuata sheria ya Bunge ikakifanya Chuo Kikuu cha Egerton. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 walipoingia vyuoni mwaka 1990, shahada ya sanaa ilichukua miaka minne badala ya mitatu.

Hivyo ndivyo masomo ya insia yalivyopata makao kando ya mashamba ya majaribio na mazizi ya ng'ombe. Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kilikusanya lugha, fasihi, historia, falsafa, sosholojia na uchumi. Ujirani huo ulikuwa na maana, kwa kuwa historia ya eneo hili ni historia ya ardhi. Bahati ilikuwa ndani ya maeneo yaliyotengewa walowezi, na maskwota walifanya kazi katika mashamba ya walowezi hao ili wapate ruhusa ya kulima vipande vidogo na kufuga. Kitabu cha Tabitha Kanogo kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, kilichotoka 1987, mwaka uleule Egerton ilipokuwa chuo kikuu, kilionyesha uzito wa mambo hayo. Baada ya uhuru zikaja skimu za makazi na kampuni za kununua mashamba, miongoni mwao Ngwataniro. Mwanafunzi wa historia aliyetoka Bahati alikuwa na mashahidi wa mageuzi hayo nyumbani kwao, na masimulizi ya wazee yalikuwa hazina ambayo kumbukumbu za serikali hazikuwa nayo.

Elimu hiyo ilisambaa pia upande wa pili wa Bahati. Bewa la Laikipia la Chuo Kikuu cha Egerton, lililo karibu na Nyahururu kando ya barabara inayotoka Nakuru na kupita Bahati na Subukia, lilikua hadi likawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Nako Kabarak, chuo kikuu cha binafsi kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Daniel arap Moi.

Umbali ulipopungua, gharama ilibaki. Mapema katika miaka ya 1990 familia zilianza kuchangia karo, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopo wa bodi hiyo, pamoja na mauzo ya maziwa, viazi na mahindi, ndio uliowawezesha watoto wengi wa wakulima wadogo kusoma shahada ya sanaa bila kwenda mbali na kwao, na kuwa walimu, waandishi na watumishi wa umma.