Vifo vya Hola na Tangazo la Maji, 1959

Katika nchi ya Kenya, kando ya mto Tana, palikuwa na kambi iitwayo Hola, ambamo Serikali ya Koloni iliwaweka kizuizini watu iliowahesabu kuwa wakaidi kabisa miongoni mwa wafuasi wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 walitolewa kambini wakapelekwa kwenye kazi ya mifereji. Wengi wao walikuwa wakiikataa kazi ya shuruti, kwani hawakuwa wafungwa waliohukumiwa na mahakama. Askari wa kambi waliwapiga kwa rungu, na kwa mapigo hayo watu 11 wakafa.

Mapigo hayo hayakuzuka kwa ghadhabu ya saa moja. Ulikuwako mpango uliotungwa na John Cowan, ofisa wa magereza, uliokusudia wakaidi watolewe kwa vikundi vidogo na kushurutishwa kwa nguvu kufanya kazi. Siku ile walitolewa wote pamoja. Tena hata kama agizo hilo lingefuatwa neno kwa neno, mtu aliyepewa rungu na kuambiwa ashurutishe hana budi kujiamulia mwenyewe mahali shuruti inapokoma.

Kesho yake Serikali ilitoa tangazo. Ilisemwa humo kwamba wafu walikuwa katika kikundi cha watu waliokuwa wakichimba, na ya kuwa vifo vilitokea baada ya kunywa maji ya gari moja, ambayo walinzi pia waliyanywa. Maneno haya yastahili kupimwa. Tangazo halikusema popote kwamba maji yaliwaua. Lilisema "baada ya", basi. Lakini msikilizaji yeyote, wa Kiingereza au wa Kiswahili, aambiwapo kuwa fulani alikufa baada ya kunywa maji, huelewa ya kuwa maji ndiyo sababu. Ama sivyo, maji yatajwe kwa nini? Mfuatano wa wakati ulitumiwa kuficha sababu, na juu ya rungu halikuandikwa hata neno moja.

Hila hiyo haikudumu. Maiti zilipopimwa na madaktari zilionekana alama za mapigo, na W. H. Goudie, hakimu aliyechunguza vifo hivyo, akathibitisha kuwa watu hao waliuawa na majeraha ya kupigwa. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Huko London jambo hilo lilijadiliwa Bungeni mwezi wa Juni, na tena usiku wa tarehe 27 Julai. Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa miongoni mwa walioishikilia Serikali kwa maswali. Lakini hotuba iliyokumbukwa zaidi ilitoka upande wa Serikali yenyewe, kwa Enoch Powell, mtu ambaye baadaye alijulikana kwa chuki yake dhidi ya wahamiaji. Mbunge mmoja alikuwa amewaita wafu viumbe walio chini ya wanadamu. Powell alilikataa neno hilo, akashikilia ya kwamba hakuna kipimo kimoja cha haki kwa Afrika na kingine kwa Uingereza. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Oktoba vilevile. Lakini Alan Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni, aliondoka, mahali pake akashika Iain Macleod, na mwezi wa Januari 1960 Hali ya Hatari ilikomeshwa.

Waliopona walingoja zaidi. Mmoja wa wazee walioishtaki Serikali ya Uingereza mahakamani London alikuwa amepigwa Hola hata akalazwa pamoja na maiti. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali hiyo ilitamka masikitiko yake, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 fidia na gharama za kesi, jumla paundi milioni 19.9.

Baada ya vifo hivyo hata jina la mahali lilibadilishwa, pakaitwa Galole. Jina hilo lingali likitumika kwa jimbo la uchaguzi, lakini mji wenyewe watu huuita Hola.