Kifaru cha tani 188 hakingewaokoa

Wasee, kuna video yangu ya mwaka jana ambayo mpaka leo inaniletea watu. Nilisema hivi: kama Wajerumani wangepewa miaka miwili zaidi, kifaru chao cha Maus kingewamaliza Warusi. Niliongea kwa sauti nzito, nikaweka muziki wa kutisha, nikachora na ramani ya vita vya 1946 ambavyo havikuwahi kutokea. Watu walipenda. Mimi mwenyewe nilijipenda.

Sasa nimesoma zaidi na nimeona aibu. Kwa hivyo wacha nijikosoe.

Maus kwa Kijerumani ni panya. Hitler alitaka kifaru kikubwa kuliko vyote, na mwaka wa 1942 kazi ikapewa Ferdinand Porsche, ndiyo, huyo huyo wa jina la magari. Kilichotoka kilikuwa na uzito wa tani 188. Lori zito kabisa linaloruhusiwa barabara zetu za Afrika Mashariki, pamoja na mzigo, ni tani 56. Panga matatu kwenye mizani ya Mlolongo, bado hujafikia Maus moja. Mzinga wake mkubwa ulikuwa wa milimita 128, na kando yake kukawekwa mwingine wa milimita 75, kana kwamba wa kwanza hautoshi.

Kwenye gemu kama World of Tanks, hiyo ni raha tupu. Unasonga polepole, risasi zinadunda, unacheka. Lakini gemu haikuulizi utavuka mto aje.

Hapo ndipo niliporuka kwenye video yangu. Madaraja mengi ya Ulaya hayangebeba tani 188. Wahandisi wakasema basi, kitapita chini ya maji. Maus ilikuwa na injini inayoendesha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaozungusha mota za minyororo. Kwa hivyo mpango ulikuwa hivi: kifaru kimoja kinazama na bomba la hewa juu, kingine kinabaki ukingoni kikikitumia umeme kwa kebo. Kikifika ng'ambo, wanabadilishana. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea uhandisi, na hata mimi naona hiyo kitu ni ya kupigwa picha, si ya kupigana. Adui amekaa tu akingoja umalize kuunganisha kebo?

Na mbio zake? Kwenye barabara nzuri, kama kilomita 20 kwa saa. Boda inakupita ikiwa na abiria wawili na gunia.

Zilitengenezwa mbili pekee, za majaribio. Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wameshatoa Sherman karibu 50,000, na Warusi T-34 zaidi ya hapo. Tiger ya kwanza, ile kila mtu anaisifu, haikufika hata 1,400.

Najua kuna mtu ataniambia, "Bro, lakini kama wangekuwa na mafuta..." Sawa. Basi twende Ubelgiji, Desemba 1944. Kikosi cha SS cha Joachim Peiper kilisonga mbele na vifaru vipya, pamoja na Tiger II za karibu tani 70. Kijijini La Gleize mafuta yakaisha. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba waliacha mitambo yao hapo na kuondoka kwa miguu. Tiger II moja bado iko hapo mpaka leo, watalii wanapiga selfi. Na siku chache kabla, tarehe 17, watu wa kikosi hicho walikuwa wamewapiga risasi mateka wa Kimarekani 84 karibu na Malmedy. Hiyo pia sikuitaja. Ingeharibu muziki.

Ukitaka vita vya 1946, lazima ufute mengi. Ufute ndege za Marekani zilizoanza Mei 1944 kulipua viwanda vya kutengeneza mafuta kutoka makaa ya mawe. Ufute jeshi la Warusi lililokuwa tayari linakuja. Halafu uwaache wafanyakazi wakiendelea kufanya kazi. Wafanyakazi gani? Bodi ya Maus ilitoka kwa Krupp. Kampuni hiyo ilitumia mateka wa vita, watu waliotekwa nchi zingine, hata wanawake wa Kiyahudi waliotolewa kambi za mateso. Ndiyo sababu Alfried Krupp alihukumiwa Nuremberg mwaka wa 1948. Kwa hivyo nilipowapa Wajerumani "miaka miwili zaidi" kwenye video, hao watu niliwapa miaka miwili ya nini? Hilo swali lilinikalia kooni wiki nzima. Sikuwa nimewafikiria hata sekunde moja.

Warusi walizikuta zote mbili mwaka wa 1945. Wakatoa mnara wa mzinga wa moja, wakaupachika juu ya bodi ya nyingine, wakaisafirisha kwao. Iko kwenye jumba la makumbusho Kubinka, karibu na Moscow.

Video sijaifuta, kwa sababu ndiyo ililipa kodi ya nyumba miezi mitatu na sitajifanya haikulipa. Lakini komenti ya kwanza pale juu sasa ni yangu, na inaanza na jina la Krupp.