Mikao ya Bao Ambayo Hakuna Aliyeiandika

Tarehe 4 Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilifika hatua ya 36 ya mchezo wake wa pili na Garry Kasparov. Wengi walitarajia impeleke malkia mbele ikafagie askari wa mpinzani. Yenyewe ikala askari mmoja tu, kisha ikaziba njia zote za Kasparov kujitutumua. Kasparov akashuku kuna mkono wa mtu. Baada ya hatua ya 45 akasalimu amri, na baadaye wachambuzi wakaonyesha kwamba pengine angeambulia sare.

Leo mwenye simu anaweza kuupanga mkao ule na kuziuliza programu nyingine zingefanya nini. Wala hazifikiri sawa. Deep Blue ilipima mikao kama milioni 200 kwa sekunde. Mwaka 2017 Stockfish ilipima milioni 70, na AlphaZero elfu 80 tu. Lakini AlphaZero ilikuwa imejifundisha kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, ikajua pa kutazama. Katika michezo 100 ilishinda 28, na 72 ikawa sare.

Nikisoma haya namkumbuka babu yangu wa Ngamiani, Tanga. Mchezo wake ulikuwa bao: mashimo 32, kete 64, kila mtu na kete zake 22 mkononi za kunamua. Jioni moja alikuwa na mitaji miwili. Akaacha ule mnono, akala ule mdogo. Watu barazani wakaguna. Zamu tatu baadaye nyumba ya mwenzake ikawa tupu.

“Babu, ulijuaje?”

“Mjukuu wangu, mimi sihesabu kete zote. Natazama pale atakapoumia.”

Nilikuwa na kalamu mfukoni, na sikuandika kitu.

Siyo kwamba bao halijasomwa. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitoa kitabu kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, na watafiti wa Maastricht, Uholanzi, wakaja kulitungia programu. Kwa hiyo ningeweza kuiuliza mashine: hapa ungekula wapi? Shida ni kwamba “hapa” yenyewe sina. Sataranji ina vitabu vya tangu enzi za Ruy López, 1561, ndiyo maana mikao yake mashuhuri bado inabishaniwa. Ya mafundi wetu ilifutwa kila kete ziliporudishwa mfukoni.

Babu hayupo tena. Mwezi uliopita nilirudi barazani pale na daftari, nikachora mashimo 32. Mzee mmoja akaniangalia.

“We kijana, unatuandikia madeni?”

“Hapana mzee wangu, naandika kete za nyumba yako.”

Akaifunika nyumba kwa kiganja, wenzake wakacheka. Kisha akautoa mkono. Ukurasa wa kwanza unasomeka: nyumba 11, kichwa cha kulia 3, zamu ya mzee wa kofia.